Mzazi mwenzako akikuzuia kumwona mtoto: hatua za kufuata ukiwa Arusha au Moshi

Mwongozo huu unamhusu mzazi aliyeachana na mwenzake, kwa talaka au kwa kutengana tu, wawe waliwahi kufunga ndoa au hawakufunga, ambaye sasa kila akienda kumwona mtoto anakuta geti limefungwa, simu haipokelewi, au anaambiwa kwamba mtoto amelala. Nimekaa kwa muda kwenye meza ya msaada wa kisheria nikiwasaidia wazazi wa namna hii, akina baba na akina mama, kuandika maombi yao. Nilichokiona mara nyingi zaidi ni kwamba mzazi hukwama akiwa na haki yake kamili, kwa sababu amri aliyopewa haitaji siku wala saa, na yeye mwenyewe hana kumbukumbu ya siku alizozuiwa. Kwa hiyo nitakaa zaidi kwenye mambo hayo mawili, na mengine nitayapitia kwa haraka.

Jua kwanza una nini mkononi

Wazazi wengi husema "tulikubaliana" bila kutofautisha makubaliano yenyewe. Kuna yale ya mdomo yaliyofanyika mbele ya wazee, kuna hati iliyosainiwa katika ofisi ya ustawi wa jamii, na kuna amri ya mahakama. Mawili ya kwanza yana uzito wa ushahidi, kwa maana kwamba yanaonyesha mwenzako aliwahi kukubali umwone mtoto, lakini ni amri ya mahakama pekee inayoweza kukaziwa, yaani kutekelezwa, kwa nguvu ya sheria. Ukiwa na amri, nenda masjala ya mahakama iliyoitoa ukaombe nakala yenye mhuri, kisha usome neno kwa neno kile kilichoandikwa, kwa sababu mara nyingi tunachokikumbuka kutoka chumba cha mahakama si kile ambacho hakimu aliandika.

Msingi wa haki hii uko katika Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, ambayo humhesabu kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, na katika Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Sheria ya Mtoto inalitazama jambo hili kutoka upande wa mtoto: wazazi wanapotengana, mtoto ana haki ya kumtembelea na kukaa na mzazi asiyeishi naye, ilimradi masomo yake yasivurugike. Kifungu cha 38 cha sheria hiyo, kwa namba za toleo la mwaka 2019, kinamruhusu mzazi, mlezi, au hata ndugu aliyekuwa akimlea mtoto, kuiomba mahakama impe nafasi ya kumwona mtoto kwa vipindi maalumu. Bibi aliyemlea mjukuu wake kule Kibosho kwa miaka minne, kisha akanyang'anywa, naye anaweza kuomba.

Hapa kuna dhana mbili zinazowapotosha watu. Ya kwanza ni kwamba mtoto wa chini ya miaka 7 ni wa mama, basi. Sheria inachukulia kwamba ni vema mtoto wa umri huo akae na mama yake, lakini dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi, na kwa vyovyote inahusu mahali anapoishi mtoto, haimfungii baba mlango wa kumwona. Ya pili husemwa sana na wazee wetu, kwamba mtoto ni wa ukoo wa baba. Sheria ya Ndoa inaitaka mahakama iangalie pia desturi za jamii ya wazazi, ila ustawi wa mtoto ndio unaotangulia, na desturi haiwezi kuutangulia.

Baba ambaye hakufunga ndoa na ambaye mwenzake anakana kwamba mtoto ni wake ataanza na suala la uzazi kabla ya lingine lolote. Mahakama hukubali jina lililo kwenye kumbukumbu za vizazi, sherehe ya kimila iliyofanywa na baba, baba kumkiri mtoto hadharani, au majibu ya kipimo cha vinasaba.

Mambo mawili ya kuepuka tangu siku ya kwanza

Usisitishe matunzo. Najua inavyouma kutuma fedha za ada na chakula kwa mtu anayekufungia geti, lakini matunzo ni haki ya mtoto na hayabadilishwi na kumwona. Aliyesitisha matunzo hufika mbele ya hakimu akiwa na la kujibu, na shauri lake la kuzuiwa hugeuka kuwa shauri la kudaiwa. Tuma kwa simu au benki ili muamala ubaki, na kwenye maelezo uandike "matunzo ya mtoto, mwezi wa sita". Fedha taslimu zilizopitia kwa mjomba hazina shahidi.

La pili, usimchukue mtoto shuleni au barabarani bila ridhaa ya anayeishi naye kihalali. Sheria ya Mtoto inakataza kumwondoa mtoto kinyume cha sheria kutoka kwa mtu mwenye haki ya kumlea, na mzazi aliyefanya hivyo siku moja hujieleza kwa miezi mingi baadaye, huku mwenzake akipata sababu ambayo hapo awali hakuwa nayo.

Kabla ya mahakama

Andika ombi lako kwa ujumbe wa simu, kwa adabu, ukitaja siku na saa, na uwe ujumbe ambao usingeona aibu hakimu akiusoma kwa sauti. Kwa mfano: "Mama Neema, habari za nyumbani. Naomba kumchukua Neema Jumamosi hii tarehe 14 saa 3:00 asubuhi na kumrudisha saa 11:00 jioni. Nitampeleka kwa bibi yake. Kama siku hiyo haifai, naomba unitajie nyingine." Sentensi ya mwisho ina kazi kubwa, kwa sababu mtu akikataa siku moja na asitaje nyingine, amekataa kweli.

Wazee wana nafasi yao. Kwa Wachaga, aliyekosa anayetaka kurudisha maelewano huweza kutuma isale, jani ambalo ni vigumu kwa aliyekosewa kulikataa, na nimeona milango iliyokuwa imefungwa kwa mwaka mzima ikifunguliwa namna hiyo bila karatasi yoyote. Hata hivyo, kikao cha wazee kikiisha, ombeni mmoja aandike waliyokubaliana na wote wasaini. Mwenzako asipokuja kwenye kikao, muombe mwenyekiti wa mtaa au wa kijiji aandike kwamba aliitwa na hakufika.

Kituo kinachofuata ni ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri anakoishi mtoto. Hapa watu hupoteza siku nzima kwa kukosea ofisi, kwa sababu Jiji la Arusha, Halmashauri ya Wilaya ya Arusha na Halmashauri ya Meru zina maofisa wao, kama vile Manispaa ya Moshi ilivyo tofauti na Halmashauri ya Wilaya ya Moshi. Anayeishi Usa River haendi Jiji. Ofisa atamwita mwenzako kwa barua, atawasikiliza wote wawili, na mkielewana ataandika makubaliano. Mkishindwana, omba maandishi yanayoonyesha kwamba usuluhishi ulijaribiwa. Nenda pale ukijua pia kwamba ofisa huyo huyo anaweza baadaye kuagizwa na mahakama kutembelea nyumba zenu zote mbili na kuandika taarifa, kwa hiyo namna unavyozungumza ofisini kwake siku ya kwanza haipotei bure.

Dawati la Jinsia na Watoto la polisi ni mahali sahihi ikiwa mtoto anapigwa, ananyimwa chakula au hajulikani aliko, na namba 116 hupokea taarifa hizo bila malipo. Lakini ukienda pale bila amri ukitaka askari wakakufungulie geti, utarudishwa ustawi wa jamii, na watakuwa sahihi.

Kupeleka maombi

Kama shauri la talaka bado linaendelea, omba amri ya kumwona mtoto ndani ya shauri hilo hilo, na unaweza kuomba amri ya muda wakati hukumu ikisubiriwa. Kama hakuna shauri la ndoa, au hamkuwahi kuoana, maombi huenda Mahakama ya Watoto, iliyoanzishwa na Sheria ya Mtoto. Usitafute jengo lenye bango kubwa la jina hilo, kwa kuwa sheria inampa Jaji Mkuu mamlaka ya kuteua hata jengo la mahakama ya mwanzo litumike. Uliza masjala ya mahakama ya wilaya, Arusha au Moshi, hakimu gani anasikiliza mashauri ya watoto na wapi. Shauri husikilizwa faragha, bila watazamaji, ofisa ustawi akiwepo, na mazungumzo huwa ya kawaida kuliko katika mashauri mengine.

Maombi huambatana na hati ya kiapo inayoeleza mtoto ni nani, anaishi na nani, mlikuwa mkifanyaje kabla ya mgogoro, ulizuiwa lini na unaomba nini. Ambatanisha cheti cha kuzaliwa cha mtoto, cheti cha ndoa au talaka kama kipo, kumbukumbu za matunzo, barua za ustawi na nakala za ujumbe wa simu. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inatambua ushahidi wa namna hiyo, lakini usifute ujumbe wenyewe baada ya kuupiga picha, na usibadilishe simu kisha ukaigawa ya zamani, kwani mwenzako anaweza kudai kwamba picha zimetengenezwa. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya mahakama, hivyo anayekwambia ni lazima hati yako iandikwe kwa Kiingereza, na kwamba kuna malipo ya kuitafsiri, muulize kwa upole amelitoa wapi.

Asiye na uwezo wa kulipa wakili anaweza kutafuta huduma chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Mjini Moshi shirika la KWIECO limekuwa likiwasaidia wanawake na watoto katika mambo haya. Msaidizi wa kisheria atakushauri na kukusaidia kuandaa hati, ila hatasimama mahakamani badala yako, kwa kuwa hiyo ni kazi ya wakili.

Hakimu atazingatia maslahi ya mtoto, umri na jinsia yake, umuhimu wa kutowatenganisha ndugu, mwendelezo wa malezi aliyoyazoea, na maoni ya mtoto ikiwa ameyatoa kwa hiari yake. Mtoto aliyefundishwa la kusema hujulikana haraka. Anatumia maneno ya mtu mzima.

Omba amri inayoweza kutekelezwa

Baba mmoja aliyekuwa akiishi Moshi alikuwa na amri inayosema atamwona mtoto wake "kwa muda unaofaa". Alipanda gari kwenda Arusha, kilometa zipatazo 80, Jumamosi baada ya Jumamosi, akaambiwa muda huo haufai. Aliporudi mahakamani kulalamika, hakimu alimuuliza ni amri gani iliyovunjwa, na hakuwa na jibu, kwa sababu ni kweli hakuna aliyewahi kuamriwa kumtoa mtoto saa fulani. Miezi minane ikaenda hivyo.

Kwa hiyo sehemu ya mwisho ya maombi yako, ile ya unachoomba, iandike kana kwamba itasomwa na mtu asiyewajua kabisa. Kitu kama hiki kinatosha:

"Mwombaji atakaa na mtoto kila Jumamosi ya kwanza na ya tatu ya mwezi, kuanzia saa 3:00 asubuhi hadi Jumapili saa 10:00 jioni. Makabidhiano yatafanyika nyumbani kwa shangazi wa mtoto, mtaa wa Sakina. Mwombaji atagharimia nauli ya kwenda na kurudi. Kila Jumatano saa 12:30 jioni mtoto atazungumza na mwombaji kwa simu kwa muda usiopungua dakika 15. Upande ulio na dharura utatoa taarifa kwa ujumbe saa 24 kabla, na siku iliyokosekana itafidiwa wikiendi inayofuata."

Mahali pa makabidhiano pafikirie vizuri. Niliwahi kuona makubaliano yaliyotaja ofisi ya serikali ya mtaa, siku ya Jumamosi, na ofisi imefungwa, wazazi wakibishana mbele ya kufuli huku mtoto ameshika begi lake la shule. Nyumba ya ndugu anayeheshimiwa na pande zote, au uwanja wa kanisa au msikiti, hufaa zaidi. Ikiwa mnaishi miji tofauti, taja nani anasafiri na mtoto. Vifurushi tunampa konda. Mtoto hasafirishwi hivyo, hata kama konda ni jirani.

Kisha kuna Desemba. Katika mkoa wa Kilimanjaro sijui jambo linalogombanisha wazazi waliotengana kuliko swali la mtoto atapanda kwa nani mlimani kula Krismasi, na amri nyingi hazisemi lolote juu yake. Omba likizo igawanywe kwa maandishi: kwa mfano, miaka inayogawanyika kwa mbili mtoto akae na baba tangu shule zinapofungwa hadi tarehe 27 Desemba, kisha ahamie kwa mama hadi siku tatu kabla ya kufungua, na mwaka unaofuata wabadilishane. Likizo ya Juni nayo igawanywe. Kwa familia ya Kiislamu andika "siku ya kwanza ya Idi" bila tarehe, kwani tarehe huamuliwa na mwezi.

Kama una sababu ya kweli ya kuhofia kwamba mtoto atavushwa mpaka, Namanga na Holili zikiwa karibu hivi, iombe mahakama katika maombi yayo hayo imzuie mwenzako kumtoa nchini bila ruhusa ya mahakama.

Daftari

Amri ikishatolewa na ukazuiwa, andika. Nunua daftari la kurasa 96, usilitumie kwa jambo lingine, na uliandike siku hiyo hiyo ukiwa bado njiani. Ukurasa mmoja nilioupenda ulikuwa hivi: "Jumamosi tarehe 6. Nimefika saa 2:50. Nimepiga simu mara mbili, haikupokelewa. Saa 3:20 dada wa kazi ametoka, amesema mama na mtoto wameondoka jana jioni. Sikubishana naye. Nimeondoka saa 3:45. Shahidi ni bodaboda aliyenileta, namba yake iko nyuma ya daftari." Hakuna tusi, hakuna dua mbaya, hakuna maelezo ya tabia ya mtalaka, na kwa sababu hiyo hakuna cha kukupinga nacho. Nenda na mtu mzima mmoja asiye ndugu yako wa karibu ikiwezekana, usirekodi video ukiwa unafoka, na jioni mtumie mwenzako ujumbe mfupi: "Leo nilifika saa 2:50 kama amri inavyosema, sikumkuta mtoto. Naomba tufidie Jumamosi ijayo." Mara tatu zilizoandikwa hivi zina nguvu kuliko "ananizuia kila siku".

Kurudi mahakamani kukazia amri

Rudi mahakama ile ile iliyotoa amri, usifungue shauri jipya kwingine, na upeleke maombi ya kukazia pamoja na nakala ya amri, kiapo kipya na kurasa zako. Kwa kawaida mwenzako ataitwa aeleze kwa nini asichukuliwe hatua, na mashauri mengi huishia hapo, kwa onyo na ratiba mpya ya kufidia siku zilizopotea. Akiendelea, mahakama inaweza kumchukulia hatua za kudharau amri yake, ikiwemo kumweka kizuizini kama mfungwa wa madai, yaani anayeshikiliwa kwa shauri lisilo la jinai, na Kanuni ya Adhabu inafanya kutotii amri halali ya mahakama kuwa kosa la jinai lenye kifungo cha hadi miaka 2. Binafsi huwashauri wazazi waifikirie mara mbili njia ya kifungo, kwa sababu anayefungwa ni yule anayempikia mtoto uji asubuhi. Anza kwa kuomba fidia ya siku, gharama za safari zilizopotea, na usimamizi wa ofisa ustawi wakati wa makabidhiano.

Silaha nzito zaidi ni kuomba amri yenyewe ibadilishwe. Sheria ya Ndoa inaruhusu amri ya malezi kurekebishwa pale ambapo hali imebadilika kwa kiasi kikubwa, na mzazi anayevunja amri mara kwa mara anaweza kujikuta mahakama ikijiuliza kama kweli mtoto akae kwake. Mwenzako akikwambia amekata rufaa na kwa hiyo amri imesimama, muulize iko wapi amri ya zuio. Katika mahakama ya wilaya na ya hakimu mkazi, rufaa peke yake haisimamishi utekelezaji.

Mwenzako akiwa na sababu

Si kila anayezuia ana nia mbaya. Ikiwa uliwahi kumrudisha mtoto usiku ukinuka pombe, au kulikuwa na kipigo ndani ya nyumba, tegemea hoja hiyo na usiikimbie. Omba mwenyewe uanze kumwona mtoto mbele ya mtu wa tatu, kwa saa mbili za Jumamosi, kwa miezi mitatu, kisha mahakama iangalie upya. Hakimu humwamini zaidi anayependekeza masharti kuliko anayeyapinga.

Vivyo hivyo mtoto akikataa yeye mwenyewe kwenda nawe, usimvute mkono. Mtoto wa miaka mitano ambaye hajakuona kwa mwaka mmoja hakujui, na usiku mmoja katika nyumba ngeni ni mrefu kwake. Anza na saa chache kwa shangazi yake, mlete na nguo zake alizozizoea, mwache apige simu nyumbani akiomba, na umrudishe kabla ya saa iliyoandikwa. Siku ya makabidhiano, anayempokea asaini kwenye daftari saa ya kuondoka na saa ya kurudi, nawe usaini, kwa sababu ukifika saa 12:00 jioni wakati amri inasema saa 10:00, mwenzako naye ana daftari lake.